Imeandikwa na Admin

Jumatatu, 3 Machi

Dada kanipigia tena kabla sijanawa uso. Jambo lile lile. Nitabadilisha lini jina kwenye blogu yake? Nimemwambia leo leo. "Leo leo" yangu sasa ina mwaka.

Mama alipougua, nilimfungulia Dada blogu ili ndugu wa mbali wapate habari za mgonjwa bila kupiga simu kila saa. Kazi yangu ikaishia hapo. Dada akaandika. Alivyomwogesha Mama, alivyomgeuza kitandani, utani wa Mama hata mwili ulipokuwa umemwishia. Mama alifariki mwaka jana. Dada hakuacha kuandika, na sasa watu tusiowajua wanasoma na kulia. Lakini chini ya kila kichwa pameandikwa: Imeandikwa na admin. Ndivyo mtambo ulivyoliweka jina la msimamizi siku ya kwanza, nami sikuligusa. Uvivu tu. Dada anasema jirani kamuuliza kama Admin ni jina la ukoo wa mumewe.

Basi nikaenda kazini na nia njema kabisa. Mimi hukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Kalenda, vitabu vya risiti, kadi za harusi, vyote hupita chini ya wembe wangu. Ninachokitamani ni meza ya mhariri, ghorofa ya juu, yenye kiti cha kuzunguka. Haijapata mtu bado. Bwana Koma naye anaimezea mate. Ndiye msoma prufu wetu, anayesaka makosa kabla ya kuchapa, mtu asiyeweza kukuamkia bila kuweka alama ya mkato katikati ya salamu.

Mchana Mkurugenzi akashuka chumba cha kukatia. Ni mwanamke mtu mzima, macho mekundu. Nikadhani kafiwa. Kumbe katumiwa andiko moja la blogu, "Maji ya Uvuguvugu", kalisoma akila! Akasema kiwanda kitaanza kuchapa vitabu na angependa kuanza na hiki, laiti angemjua huyo Admin. Mhariri wa kukisimamia atatangazwa Ijumaa.

Nilitaka kusema ni Dada. Naapa. Nilichosema ni kwamba mama anayesimuliwa mle ni mama yangu mzazi. Kweli tupu! Yaliyobaki Mkurugenzi kayamalizia mwenyewe. Kanikumbatia na vumbi langu lote la karatasi. Sikumsahihisha. Kunyamaza si kusema uongo. Sentensi hii nimejirudia tangu mchana, na bado haijaniingia.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Hauna madhara kwa mtu yeyote.

Nitaweka jina langu kwa siku chache tu, kwenye andiko lile moja, hadi Ijumaa. Nikishakalia kile kiti, naweka jina la Dada, namtambulisha kwa Mkurugenzi, na mhariri wa kitabu chake ninakuwa mimi, damu yake. Nani atamtendea haki kuliko mdogo wake? Ukitazama vizuri, ninamfanyia wema.

Nimeingia kwenye mipangilio, nikafungua wasifu, nikajaza jina langu. Yote mawili na la babu. Pale kwenye jina la kuonyeshwa nikalichagua, nikahifadhi, nikaenda kutazama "Maji ya Uvuguvugu". Lipo! Limekaa kama lililozaliwa pale. Nimelitazama hadi chai ikapoa.

Jioni Dada kauliza kwa ujumbe kama tayari. Nikamjibu kwamba jina likibadilishwa mtandaoni huchukua siku kadhaa kukauka, kama rangi ya ukuta, na mwenye blogu asifungue ukurasa kabla halijakauka, litachafuka. Nilipotuma tu nikaona nimezidisha. Hakuna mtu mzima wa kuamini hilo.

Kaamini. Kanishukuru kwa kumwonya. Aliniamini hivyo hivyo tulipokuwa watoto na nikamwambia kuku ndiye aliyevunja sahani.

Jumatano, 5 Machi

Balaa!

Jina halikukaa kwenye andiko moja. Limekaa kwenye yote! Kumbe akaunti ni moja, na ukibadilisha jina la kuonyeshwa, kila kilichowahi kuandikwa na akaunti hiyo kinageuka. Cha juzi, cha mwaka juzi, hata majibu kwa wasomaji. Dada hakuandika habari za Mama peke yake. Aliandika maisha yake yote.

Nimeyajua haya kutoka kwa Bwana Koma. Alikuja chumba cha chai na simu mkononi, akakohoa, akasomea wote, taratibu, akipumzika kwenye kila mkato. Andiko linaitwa "Siku Nilipojifungua Mapacha". Chini yake jina langu la kiume. Yote mawili na la babu.

Kisha mwendesha mashine kubwa akanisogezea kiti, akasema nisisimame sana na mgongo wangu ule. Fundi wa kujalidi akauliza kama nilinyonyesha wote wawili kwa pamoja au kwa zamu. Nilijitia hamnazo, nikaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Bwana Koma hakuwa amemaliza. Lipo andiko jingine, "Mume Wangu na Mkoromo Wake". Humo ninamshukuru mume wangu kwa kunikanda kiuno. Wametaka kujua ni lini watamwona shemeji yao.

Nikajifungia stoo ya wino kujaribu kuondoa jina kwenye hayo mawili tu. Haikubali. Ni yote au hakuna. Nikilitoa kwa mapacha, linatoka na kwa Mama, na kiti kinakwenda. Nilikaa juu ya debe la wino mweusi nikiwaza kama mtu anaweza kuishi akijulikana amezaa mapacha. Nikaona anaweza.

Kabla ya kufunga kazi, Mkurugenzi akaniita juu. Habari zimemfikia. Nikamweleza kwamba mwandishi huvaa nafsi za watu wengine, na mle nilivaa nafsi ya mwanamke. Nilitegemea anifukuze. Kavua miwani, kasema ni mwanamume aliyemwogesha mama yake mzazi tu ndiye awezaye kuelewa uchungu wa uzazi namna ile. Macho yakamlenga machozi tena.

Sikuwahi kumwogesha Mama. Hata uso.

Nimeteremka ngazi kurudi kwenye wembe wangu. Kuzomewa nilikuwa nimeanza kukuzoea. Kusifiwa ndiko kulikonichoma.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Mdogo kapiga simu asubuhi. Mdogo wake Mama, wa mwisho, anayeishi mbali na aliyekuwa akifuata ugonjwa wote kupitia blogu. Alikuwa analia. Kaniomba radhi! Miaka yote alidhani anayeandika ni Dada, na anayemuuguza Mama ni Dada peke yake. Kaungama kwamba alinisema kwa watu, eti huja na mfuko wa machungwa, hukaa mlangoni, kisha hupata dharura ya kazi. Leo kaona jina langu. Akajiona mwovu. Kanibariki kwa dua ndefu. Nilisimama na simu sikioni nikijibu amina, amina.

Mfuko wa machungwa ni kweli. Mlangoni ni kweli. Nilikuwa naogopa chumba kile, harufu ya dawa, na mikono ya Mama iliyokuwa imebaki mifupa. Hata machungwa nilikuwa nikiyala mwenyewe nikingojea muda wa adabu upite niondoke.

Kisha Mama Mdogo akaniuliza swali. Mle kwenye blogu kuna mahali nimeandika kwamba mdogo wangu wa kiume alikuja, akasimama mlangoni akijiziba pua kwa leso, akasema anaitwa kazini siku ya Jumapili. Mdogo wangu yupi? Mama yetu alizaa wawili tu, Dada na mimi. Nikasema ni mbinu ya uandishi. Nimejibunia mdogo. Akasema basi mwanangu, atampigia Dada. Nikamsihi asimtoneshe kidonda mfiwa. Akasema na yeye ni mfiwa, akakata.

Mkurugenzi naye katangaza kwamba kesho wafanyakazi wote wakutane stoo ya karatasi, mashine zizimwe, nisome "Maji ya Uvuguvugu" kwa sauti, kisha atamtaja mhariri. Bwana Koma kanipongeza. Kasema nisisahau kupumua kwenye mikato.

Nimejaribu kulisoma andiko nikiwa peke yangu. Nimefika aya ya pili. Sijawahi kuvuka hapo, tangu lilipoandikwa. Nikajiambia nitalisoma kesho likiwa bichi, ndivyo wanavyofanya wasomaji wakubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Ninaandika haya kwa sababu sitathubutu kumwambia mtu.

Stoo ilifagiliwa. Viti vilipangwa kati ya marobota ya karatasi. Niliingia na shati la mkono mrefu, na kwenye kiti cha mbele kabisa alikuwa amekaa Dada.

Karani ndiye aliyemwita. Ana namba yake, kwa kuwa Dada hupiga ofisini kila ninapozima simu. Mkurugenzi alitaka kunishtukiza kwa furaha. Dada alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, mapacha kawaacha kwa jirani. Aliambiwa tu kwamba maandishi juu ya mama yetu yatasomwa mbele ya watu kiwandani kwa mdogo wake. Akaelewa kama ambavyo mtu mwema angeelewa. Akanivuta sikio, akaninong'oneza kwamba nimempa heshima ambayo hakuitegemea, na kwamba ndiyo maana nilikuwa namficha ukurasa. Macho yakimng'aa! Nilitaka sakafu ipasuke inimeze pamoja na marobota.

Mkurugenzi akanikaribisha. Hakutaja mwandishi, alisema tu "mwenzetu huyu ambaye maandishi yake mnayajua". Dada akapiga makofi kuliko wote.

Nikasoma. Aya ya kwanza, beseni na sabuni ya mche. Aya ya pili, maji yanavyopimwa kwa kiwiko. Sauti ilikuwa nzuri, nilijisikia mwenyewe. Nikaingia aya ya tatu, nisiyoijua. Mama anamwagiwa maji mgongoni, anamwambia mwanawe asimweleze mdogo wake jinsi alivyokonda. Akijua, ataogopa kuja.

Nilisoma sentensi hiyo mpaka mwisho kabla sijaielewa. Kisha sikuweza nyingine.

Mama alijua. Alijua kwa nini nasimama mlangoni, na alikuwa ananitafutia udhuru.

Watu walidhani ni majonzi, wakasubiri kwa heshima. Mwendesha mashine kubwa alivua kofia. Ndipo sauti ikaendelea kutoka kiti cha mbele. Dada alikuwa ameinuka. Hana karatasi, hana simu. Anasema neno kwa neno, pale pale nilipoachia, jinsi alivyomwambia Mama kwamba mdogo wake ana kazi nyingi, na Mama akasema ndiyo, ana kazi nyingi mwanangu, mletee tu taulo. Alifika mwisho bila kukosea hata silabi. Stoo nzima ikageuza shingo kumtazama yeye, ikanigeukia mimi, ikarudi kwake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata Bwana Koma aliinamisha kichwa.

Mkurugenzi akauliza, polepole, kwani mwandishi ni nani.

Hapo ndipo Dada alipoelewa. Niliona likimwingia usoni, hatua kwa hatua. Nikangoja kibao. Nilikitamani. Badala yake akawageukia watu, akasema blogu ni yake, na huyu mdogo wake ndiye aliyemfungulia. Kama kuna jina lililokosewa basi ni mambo ya mtandao tu. Halijakauka.

Akaketi. Hakunitazama tena. Aliutumia uongo wangu mwenyewe kunisitiri mbele ya watu, na ulinibana kila mahali.

Fundi wa kujalidi alinipita mlangoni akisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Nilizunguka mtaa wake mara kadhaa kabla ya kubisha. Muuza mkaa wa pale akaniuliza kama nimepotea.

Alikuwa uani anafua. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Akanipa ncha moja ya shuka, nikashika, yeye akashika nyingine, tukakamua. Mashuka yote tuliyakamua hivyo. Shemeji alichungulia dirishani, akaona hali ya hewa, akarudi ndani.

Tulipofika shuka la mwisho akasema. Jina halimuumi. Ningeomba, angeniandika pamoja naye, hata mbele yake, maana yeye alitaka tu watu wajue si Admin. Lakini siku zile siwezi kuziomba wala kuziazima. Alizikaa yeye. Akasema Mama Mdogo kampigia jana usiku, kamuuliza kama ana mdogo mwingine wa kiume, na yeye badala ya kucheka alilia.

Nami nikalia, na shuka mkononi. Nikamwambia yote. Mkurugenzi, kiti cha kuzunguka, machungwa. Nikamwambia nilikuwa naogopa mikono ya Mama. Akasema naye alikuwa anaiogopa. Sikuwahi kulijua hilo, na sikuwahi kuuliza. Mapacha wakatoka kututazama, wakaenda kumtangazia baba yao kwamba Mjomba analia na haumwi.

Nikabadilisha jina mbele yake. Dakika haikuisha. Dakika moja, kitu nilichokikalia mwaka mzima! Dada alikausha mikono kwenye kanga, akashika simu, akasoma jina lake chini ya "Maji ya Uvuguvugu". Akalisoma chini ya andiko jingine, na jingine. Akauliza kama sasa anaruhusiwa kufungua ukurasa au bado halijakauka. Hakuwa anatania sana.

Nimejiapiza. Sitagusa tena cha mtu. Nimeapa kwa Mama.

Jumatatu, 10 Machi

Kiti cha kuzunguka kapewa Bwana Koma. Ameanza kwa kuandika tangazo la vyoo lenye mikato saba.

Mkurugenzi hakunifukuza. Aliniita, akasema kitabu cha Dada kitachapwa, na kingo zake nitazikata mimi. Zikienda upogo ataelewa sababu. Akasema anasikitika kwamba alinikumbatia. Hakuna adhabu iliyonipata kama sentensi hiyo. Bora angenikata mshahara.

Chumba cha chai wananiita Mama Mapacha. Naitika. Nimestahili.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Kila mtu anaona. Nawahi kazini, sizimi simu, Jumapili nilikwenda kwa Dada nikafua mapazia peke yangu.

Na leo Dada kanionyesha imani tena! Kaandika shukrani kwa wasomaji, kutangaza kitabu. Lakini kupandisha picha ya Mama kwenye ukurasa kunamshinda, basi kanitumia maandishi yote pamoja na neno la siri jipya. Nilisoma shukrani zile zikanitoa machozi. Shemeji yumo, daktari yumo, Mama Mdogo yumo. Na mwisho kabisa: namshukuru mdogo wangu aliyenifungulia blogu. Baada ya yote niliyomtenda! Sikustahili hata herufi. Nimejisikia mdogo kama punje. Nimeapa upya, kwa nguvu.

Nikapandisha picha, nikabandika maneno yake kama yalivyo. Nikayasoma mara ya mwisho kuhakikisha. Ila "aliyenifungulia". Linasikika kama habari za bawabu. Msomaji atadhani kuna geti. Nikaweka "aliyenisaidia tangu mwanzo". Ni kweli, kwani mwanzo si blogu? Na ukishasema mwanzo, sentensi inabaki inaning'inia, inataka mwendelezo. Nikaongeza "bega kwa bega". Hilo nalo ni kweli. Siku ya kwanza alipojaribu kuandika nilisimama nyuma ya kiti chake, na bega langu lilikuwa karibu sana na lake. Jina langu nimeliweka kamili ili watu wasimchanganye na mdogo mwingine.

Nikachapisha.

Dada kajibu papo hapo. Bado hajasoma, yuko jikoni, lakini anajua nimefanya vizuri na Mama angefurahi kutuona hivi.

Nimeona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilikaa mbele ya ukurasa, kichwa nimekiinamisha, nikajilaumu kwa dhati. Kisha nikaweka na picha yangu, ndogo tu, pembeni ya Mama.